Joto la Ukuta wa Magharibi

Ukitaka kujua nani anapendwa pale Lukwego, upande wa Tukuyu, angalia nani anasogezewa nafasi ukutani. Asubuhi ile Injinia Tusekile Mwakyambiki alipojitokeza kwenye kona ya soko, mwavuli ukimwaga maji mabegani, benchi zima lilisogea kwa mpigo.

"Haya, haya, mpisheni mwenye ukuta wake!" alisema Bupe, muuza maparachichi, huku akimhamisha mmoja wa mapacha wake kutoka paja hili kwenda lile. "Bila yeye saa hizi meno yangekuwa yanagongana."

Wenzake wakacheka. Tusekile naye akacheka, maana uongo wa nini, kusifiwa ni kutamu, na yeye alikuwa amezisubiri sifa hizo kwa miaka mingi. Akawaamkia wakubwa, akaitikia shikamoo za wadogo, kisha akajibana kati ya Bupe na Kissa, binti yake yeye Tusekile, aliyekuwa amemfunga mwanawe kifuani kwa kitenge. Mtoto aliitwa Lugano. Alizaliwa kabla ya wakati, na nesi wa zahanati alikuwa amemwambia Kissa maneno yale yale anayowaambia wazazi wote wa watoto njiti: mfunge kifuani, nenda ukakae ukutani.

Baridi ya Tukuyu mwezi wa saba si mchezo. Ukungu unashuka Mlima Rungwe asubuhi na unaweza ukakaa mpaka watu wale chakula cha jioni. Ndiyo maana ukuta ule ulikuwa umegeuka sebule ya mji. Ulikuwa ubavu wa tangi la chuma la Kituo cha Utupu, uliopakwa rangi ya krimu, na humo ndani umeme uliochotwa kwenye mvuke wa mlima ulipita kwa volti milioni moja kabla ya kuingia kwenye bomba la kusafirishia umeme hadi Mbeya na kwingineko. Zamani ubavu huo ulivikwa mabamba ya risasi, ile metali nzito, na kuzungushiwa seng'enge, na mbuzi akikaribia tu mlinzi alipiga filimbi. Sasa mabamba yaling'olewa, seng'enge ikakunjwa, kituo kikajenga benchi la saruji chini ya paa dogo la bati, na siku za kliniki mizani ya watoto ilitundikwa pale pale. Yote hayo kwa sababu ya kitu kimoja ambacho Tusekile alikivumbua.

Akaegemea. Joto likampanda mgongoni polepole, joto zuri la chapati zilizofunikwa kitambaa. Akafumba macho, akafurahi. Halafu akaacha kufurahi.

"Hivi jamani," aliuliza, "joto hili mliambiwa linatoka wapi?"

"Si mvuke wa mlima?" alisema Bupe. "Meneja alitutangazia mwenyewe siku ya uzinduzi. Kwani siyo?"

"Ndiyo, ndiyo," alisema Tusekile.

Lakini mabomba ya mvuke yalipita upande wa mashariki. Alijua, maana michoro ilipita mikononi mwake. Akainuka, akaweka kiganja kwenye chuma, akaanza kutembea taratibu kama mtu anayejinyoosha miguu. Kwenye kona, baridi. Hatua chache mbele, baridi na umande. Kisha uvuguvugu. Mgongoni kwa Kissa, joto. Mahali mapacha wa Bupe walipolazwa, joto zaidi. Baada ya hapo, mshono wa kuchomelea, kisha baridi tena, baridi kabisa, mpaka mwisho.

Mvuke haupashi chuma mkanda mmoja mwembamba ukaacha pengine pote. Tusekile aliutazama ule mshono wa kuchomelea, akapiga hesabu ya kilichokuwa nyuma yake, kisha akarudi kwenye kona akaanza kupapasa upya.

"Mama, umepoteza nini?" aliuliza Kissa.

"Hakuna," alisema. "Nanyoosha miguu."

*

Sasa ili uelewe kwa nini alipapasa mara mbili, ingia naye ndani.

Katika tangi lile, lililonyonywa hewa yote, vichwa viwili vya chuma vilitazamana, kimoja hasi na kingine chanya, kila kimoja kikubwa kama ng'ombe aliyelala. Chuma hata ukikisugua mpaka ukaweza kujichania nywele mbele yake, hakikosi vincha, ncha ndogondogo ambazo jicho halizioni. Volti zikipanda, elektroni zinachomoka kwenye vincha hivyo bila ruhusa ya mtu na kuruka ndani ya utupu. Mafundi wa Lukwego waliziita watoro. Mtoro mmoja si kitu. Wakiwa wengi, wanabamiza chuma kilicho mbele yao kwa nguvu ya volti milioni, na pale wanapobamiza panatoka vitu viwili: joto, na eksirei inayopenya chuma na kuendelea na safari yake.

Kwa miaka mingi dawa ilikuwa uvumilivu. Walisugua, wakaosha kwa maji yasiyo na hata chembe ya chumvi, wakafunga tangi, kisha wakavizoesha vichwa: wanapandisha volti kidogo, wanasubiri vincha viungue, wanapandisha tena, wiki baada ya wiki. Kila mwaka kazi ilianza upya. Tusekile ndiye aliyeleta ngozi, utando mwembamba kama wa kioo uliopakwa usoni mwa kichwa hasi. Siku ya kwanza walipopandisha volti, sindano ya kipimo cha watoro ililala kwenye sifuri na haikuamka. Mafundi walimbeba juujuu. Ngoma ilipigwa, ng'ombe akachinjwa.

Sindano ilikuwa imelala hata asubuhi hii. Tusekile alisimama mbele yake akaitazama kwa chuki.

"Mbona unaikodolea macho, Injinia?" Meneja Ambakisye Mwasomola aliingia akifuta miwani. Walisoma darasa moja. Mbele za watu alimwita Injinia, na akiwa na shida alimwita dada.

"Kipimo hiki kimefungwa kichwa chanya," alisema Tusekile. "Kinahesabu watoro wanaofika kule tu. Wakienda kwingine hakiwaoni."

"Waende wapi?"

"Ukutani. Ngozi yangu inaishia shingoni. Pale inapoishia, chuma na ngozi na utupu vinakutana mahali pamoja, na umeme unapapenda mahali kama hapo. Nina wasiwasi watoro hawakuisha, Ambakisye. Wamehamia shingoni na wanarukia ubavu wa magharibi. Na hasara yake katika umeme wote unaopita humu ni kikombe kwenye mto, hakuna atakayeiona."

Ambakisye alivaa miwani. Hakushtuka. Hilo Tusekile aliliona vizuri sana.

"Ukutani palikuwa na kipimo cha pili," alisema. "Kiko wapi?"

"Kiliondolewa pamoja na mabamba."

"Kwa nini?"

"Kilikuwa kinalia ovyo. Kibovu."

"Nani alisema ni kibovu?"

"Wewe, dada." Alisema kwa upole kabisa. "Ulisimama kwenye jukwaa ukasema ngozi yako haitoi mtoro hata mmoja. Kipimo kikawa kinasema wapo. Kati yenu nilitakiwa nimwamini nani?"

Tusekile aliyasema kweli maneno hayo, tena kwa kipaza sauti. Lakini mtu anayeamini hivyo huwa anauliza kwa nini kipimo kinalia, japo kwa utani, na huyu hakuwahi kumuuliza. Kwa nini hakumuuliza?

"Mkeo huja kukaa pale?" alimtupia ghafla.

"Mke wangu hasikii baridi."

"Na wewe?"

"Mimi nina kazi." Akavuta kiti, akakaa. "Sikiliza. Una kiganja kilichohisi joto, basi. Ukipiga simu makao makuu Dodoma sasa hivi ukawaambia washushe volti kwa sababu ya kiganja, watakucheka. Wasipokucheka ndiyo mbaya zaidi, maana hospitali ya mkoa inaning'inia kwenye bomba hili, na kule kuna watoto kwenye mashine za kupumulia. Na ukitoka nje ukawaambia wale akina mama, kesho kituo hiki kitakuwa majivu. Unawajua watu wako. Leta ushahidi, nami nitashusha volti kwa mkono wangu. Siku moja tu, dada. Ukuta uko pale mwaka mzima, siku moja itaongeza nini?"

Ilikuwa hoja nzuri. Tusekile aliigeuza huku na huku akitafuta ufa, na alichokiona ni kwamba alitaka kuikubali. Kama kiganja kilikosea, angekuwa ameiua ngozi yake kwa mdomo wake mwenyewe.

*

Stoo alikuta beji za zamani ndani ya boksi la biskuti. Ni beji ambazo mafundi walizivaa enzi za mabamba ya risasi, zenye kikaratasi ndani kinachokuwa cheusi kikipigwa na eksirei. Ngozi ilipokuja hakuna aliyezitaka tena. Akachukua za kutosha na gundi, akarudi sokoni.

"Nini tena hicho?" Bupe aliuliza alipomwona anabandika moja ukutani, juu ya kichwa cha pacha.

"Vya kupimia joto."

"Lipimeni, lipimeni. Mkimaliza mtasema tulilipie."

"Hakuna wa kuwatoza."

"Aa, nyinyi! Benchi mlijenga bure, nikasema hapa pana jambo. Mtu hajengi benchi bure." Alisema akicheka, lakini jicho lake lilibaki kwenye ile beji.

Tusekile alimgeukia Kissa. Mtoto alikuwa amelala, shavu limebonyea kwenye kifua cha mama yake, mgongo wake mdogo umeelekea kwenye chuma. Alikusudia kutomwambia lolote. Alikuwa amejiambia hivyo njia nzima: ama wote, ama hakuna. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Twende nyumbani. Shangazi yako amefika kutoka Kyela."

"Shangazi? Mbona hakunipigia?"

"Amefika, nakwambia. Inuka."

"Si angekuja huku huku tukaota wote? Nyumbani baridi, mama."

"Kissa! Inuka!"

Sauti ilitoka kali kuliko alivyotaka, benchi zima likageuka kumtazama. Kissa akainuka akinuna. Bupe akasogea kujaza nafasi iliyoachwa, maana napo palikuwa na joto, akamlaza pacha wa pili pale. Tusekile alimwona akifanya hivyo. Alisimama na mwavuli wake uliofungwa, mvua ikimnyeshea, akijua kwamba sentensi moja tu ingetosha. Hakuisema. Akaondoka na binti yake.

Nyumbani hapakuwa na shangazi.

"Mama, una nini wewe?" Kissa aliuliza.

"Kesho usiende ukutani. Kuna mtoto anakohoa pale, sipendi kikohozi chake."

"Mtoto wa nani?"

"Usiende tu."

Kissa alikuwa amelelewa na mama anayeeleza kila kitu, hata vile ambavyo mtu hakuuliza, na sasa mama huyo alikuwa anapekua kabati akitafuta blanketi ambalo lilikuwa mkononi mwake.

*

Siku ya pili alishinda kwenye dirisha la ofisi yake. Kutoka pale aliliona benchi lote. Aliona mizani ikitundikwa, nesi akicheka, mtoto akivuliwa nguo na kulia, akapimwa, akavalishwa, kisha mama yake akaenda kukaa ukutani apate joto. Akaja mwingine, na mwingine. Mapacha wa Bupe walilala mchana kutwa kwenye ule mkanda, na kila mara Bupe alipotoka kwenda kumhudumia mteja, aliwageuza kwanza, upande wa pili nao upate.

Nenda kawaambie, alijisemea. Akajibu kwamba beji bado. Akajisemea tena, akajibu vilevile. Aliona aibu, tena aibu ya kuchoma masikio, na bado hakutoka kwenye kile kiti. Mara mbili alimwona Ambakisye akipita uani. Mara zote mbili alizunguka upande wa mashariki, japo njia ya magharibi ndiyo fupi.

Alasiri akaenda kuzibandua. Aliwaambia akina mama kazi imekwisha, akazitia mfukoni bila kuzitazama, akaenda nazo chumba cha vipimo, akafunga mlango.

Ya kwenye kona ilikuwa nyeupe. Iliyofuata nyeupe. Zilizokuwa kwenye mkanda zilikuwa nyeusi tii, hata kipimo cha kusomea rangi kilikataa kutoa namba, kikaandika tu kwamba kiwango kimepita uwezo wake.

Alikaa chini sakafuni. Akalia kidogo, kilio kibaya kisicho na sauti, halafu akajipangusa, akampelekea Ambakisye.

Meneja aliziangalia, akazirudisha mezani moja moja. "Sawa," alisema. "Nimeahidi, nitashusha. Napiga Dodoma sasa hivi, watawasha njia ya zamani ya nguzo, hospitali haitazimika. Lakini nje tutaweka uzio tuseme ni ukarabati. Wataondoka kwa amani. Hutaki kuwatia hofu ya bure kwa jambo ambalo limeshapita."

"Halijapita. Wanahitaji kupimwa damu. Watoto wale wote."

"Tutawapima kimya kimya, tuseme ni mradi wa afya."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa sijui."

"Ulikuwa unashuku?"

Ambakisye alivua miwani. "Na wewe tangu jana asubuhi ulikuwa unafanya nini?" aliuliza. "Tofauti yetu ni ipi, dada?"

Tusekile akatoka.

*

Alipofika ukutani, volti zilikuwa zimeanza kushuka. Hakuhitaji kuambiwa. Alisikia mngurumo wa transfoma ukilegea, na alipoweka kiganja kwenye chuma alikuta joto linakimbia. Mvua ilikuwa inaupiga ubavu wote juu ya paa, na chuma hakina subira.

"Mbona panapoa?" mmoja wa akina mama alilalamika.

"Si niliwaambia!" Bupe alisimama. "Jana wamekuja na vipimo vyao, leo wamefunga. Kesho utasikia hapa pamejengwa mgahawa wa wakubwa. Injinia, si ndivyo? Mmepangisha?"

"Ondokeni ukutani," alisema Tusekile. "Tafadhali. Wote. Nitawaeleza."

"Tutaelezwa tukiwa tumekaa."

Basi akawaeleza pale pale, akiwa amesimama mvuani. Hakutumia maneno makubwa. Alisema joto lile halikuwa mvuke. Alisema ndani ya tangi kuna kitu alichokitengeneza yeye ili kuzuia watoro, nacho hakikuwazuia, kiliwageuzia upande huu, na walipokuwa wanagonga chuma walitoa joto, na pamoja na joto walitoa mwanga wa eksirei, ule ule wa hospitali, ila wenye nguvu zaidi na bila kuzimwa. Alisema mabamba ya risasi yaliyong'olewa ndiyo yaliyokuwa kinga. Alisema waguse chuma sasa: volti zimeshushwa, na joto limekwenda nazo. Kama lingekuwa la mvuke, lingebaki.

Wakagusa. Mmoja mmoja waliweka viganja, wazee na vijana, na kila aliyegusa aliondoa mkono haraka kana kwamba chuma kilikuwa cha moto. Mama mmoja alimnyakua mwanawe benchini akaanza kumpangusa mgongo kwa kanga, akipangusa na kupangusa, kama vile kitu kile kingeweza kutoka.

"Mungu wangu," alisema nesi. "Mimi ndiye niliyewaleta hapa."

"Kesho gari litakuja kuwachukua wote mkapimwe," alisema Tusekile. "Mimi mwenyewe nitakuwepo. Nitasema haya haya popote nitakapoulizwa."

Bupe alikuwa amewabeba mapacha wote wawili, mmoja kila mkono, na alikuwa anaitazama nafasi kwenye benchi ambapo Kissa hukaa.

"Ulianza kushuku lini?" aliuliza.

Tusekile angeweza kusema ni leo. Hakuna ambaye angejua.

"Jana asubuhi. Nilipokaa hapa na nyinyi."

"Jana." Bupe alitikisa kichwa taratibu, akiunga mambo. "Jana ulimpigia Kissa kelele ainuke. Ukasema shangazi yake amefika. Na leo hakuja kutwa."

"Hakuna shangazi. Nilimdanganya."

"Kwa hiyo wako ulimtoa."

"Nilimtoa."

"Na nilipomlaza wangu pale pale ulipomtoa wako, ulikuwa umesimama hapo na mwavuli. Nilikuona."

"Nilikuwa nasubiri ushahidi, Bupe. Bila ushahidi Dodoma wasingekubali—"

"Mimi si Dodoma."

Hakupaza sauti. Tusekile alitamani wengine wapige kelele, wamtukane, wachome kituo kama Ambakisye alivyotabiri. Bupe akamsogelea. Akamtoa pacha wa kulia kwenye mkono wake, yule ambaye jana alimlaza kwenye nafasi ya Kissa, akamnyooshea.

"Mshike."

"Bupe..."

"Mshike, nimesema. Mwangalie usoni, umweleze yeye ulikuwa unasubiri nini."

Tusekile akampokea. Mtoto alifumbua macho, akamtazama bila wasiwasi wowote, akayafumba tena. Mgongo wake ulikuwa bado na joto la ukuta.